Muulize Mwalimu: Sauti Nene, Maji Marefu na Baba Mdogo

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia mahali pamoja, yaani maneno ya Kiingereza ya kuelezea sauti na ukubwa wa vitu. Nimezisoma kwa furaha. Hapo ndipo nilipokwama mwenyewe nikiwa msichana wa kidato cha kwanza, na ndipo nilipowaona wanafunzi wakikwama kwa miaka yote 31 niliyofundisha Kiingereza mkoani Tanga. Nimechagua barua sita.

Shikamoo Mwalimu. Kwenye insha niliandika "My grandfather has a big and high voice." Nilitaka kusema babu ana sauti kubwa. Mwalimu wetu alikata "big" na "high" kwa wino mwekundu na hakuandika kitu kingine. Nilipaswa kuandika nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Muheza*

Marahaba mwanangu. Ulipaswa kuandika "loud": "My grandfather has a loud voice." Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekukata kwa wino mwekundu mara ya pili, kwa hiyo nivumilie.

Baba yangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa. Ilinguruma kutwa nzima, na siku hizo hakuna aliyewapa vizibo vya masikio. Jioni alirudi nyumbani akizungumza kana kwamba bado yuko mbele ya mashine, nasi tukamjibu vivyo hivyo ili atusikie. Mwaka 1968 tulipewa insha ya kumweleza mzazi, nikaandika: "My father speaks in a high voice." Nilipata mstari mwekundu kama wako, na niliogopa kuuliza. Miaka miwili baadaye nikakuta kwenye kamusi ya maktaba kwamba "high voice" ni sauti nyembamba, kama ya mtoto. Kumbe nilimwandika baba yangu, mtu wa sauti ya kutikisa bati, kwamba anazungumza kama mtoto. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sijawahi kukata neno la mwanafunzi bila kuandika pembeni kwa nini nimelikata.

Sasa sikiliza. Kiswahili kinapima sauti kwa maneno yale yale ya kupimia umbo. Nguvu ya sauti tunaiita kubwa au ndogo. Aina yake tunaiita nene au nyembamba, kama tunazungumzia kamba. Hatuko peke yetu katika hili, kwani Waajemi na Waturuki nao wana sauti nene na sauti nyembamba. Mwingereza kamba yake ameisimamisha wima. Sauti nyembamba kwake iko juu, ni "high", na sauti nene iko chini, ni "low", au imezama kabisa, ni "deep". Nguvu ya sauti ameitafutia maneno ya pembeni yasiyohusu umbo: "loud" kwa kubwa, "soft" au "quiet" kwa ndogo.

Chukua ngoma mbili, vumi na chapuo. Vumi ina mlio mnene, chapuo ina mlio mwembamba. Ukiligusa vumi kwa kiganja taratibu, mlio utakuwa mnene lakini mdogo, yaani "deep and soft". Ukiichapa chapuo kwa nguvu zote, utakuwa mwembamba lakini mkubwa, yaani "high and loud". Ngoma haikubadilika, mkono ndio uliobadilika. Kila unapotaka kuelezea sauti kwa Kiingereza jiulize maswali mawili, si moja: imepigwa kwa nguvu gani, na ni ngoma ipi?

Kinachotuponza zaidi ni neno letu "juu". Tunasema "alizungumza kwa sauti ya juu" tukimaanisha kubwa, kisha tunaipeleka hivyo hivyo kwenye Kiingereza. Usiipeleke. Na kuna shimo jingine ambalo Waingereza wamejichimbia wenyewe: "low voice" inaweza kuwa sauti nene, lakini mara nyingi mtu akisema "she spoke in a low voice" anamaanisha alizungumza kwa sauti ndogo asisikike mbali. Ukitaka nene bila utata, tumia "deep".

Mawili ya haraka kwa sababu mtihani hauko mbali. "Read aloud" ni soma kwa sauti, usisome kimoyomoyo, ila "read loudly" ni soma kwa sauti kubwa. Ukiambiwa "aloud" usipige kelele. La pili, "voice" ni sauti inayotoka kooni mwa mtu. Gari, mvua, ngoma na mlango vina "sound", na ikikera ni "noise". Kwa babu yako kama nimemwelewa vizuri, andika "a loud, deep voice".

Mwalimu, mimi ni fundi magari. Mara nyingi naandikiana na wauza vipuri wa nje kwa Kiingereza. Wananiuliza "what kind of noise?" nami najibu "bad noise" kila mara. Nisaidie.
*Fundi, Mwanza*

Fundi, wewe una sikio zuri kuliko langu, unachokosa ni majina tu. Kiingereza kina neno kwa karibu kila mlio unaoujua gereji.

Injini inayogonga ni "knocking". Kitu kilicholegea kikitikisika, kama bati la kukinga joto la ekzosi, ni "rattling". Mkanda unaolia asubuhi unapowasha gari, ule mlio mwembamba wa kuchoma masikio, ni "squealing". Breki nazo hu-"squeal" pedi zinapokaribia kwisha. Zikiisha kabisa chuma kikasaga chuma, hapo ni "grinding", na ukimwandikia mtu neno hilo atajua kwamba diski iko hatarini. Jointi ya ekseli iliyokufa, ile inayolia ka-ka-ka ukikata kona, ni "clicking". Beringi ya gurudumu inayovuma, na mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda, ni "humming". Upepo au mvuke unaotoka kwenye mpira uliotoboka ni "hissing".

Halafu ongeza lini. Mlio bila wakati haumsaidii mtu aliye mbali. Andika hivi: "It makes a clicking noise when I turn left." Au: "There is a loud hum above 60 kilometres per hour." Sentensi moja ya namna hiyo inamwonyesha muuzaji pa kuanzia kutafuta.

Nimefurahi kwamba umeuliza. Nimefundisha vijana wengi walioishia gereji wakiamini Kiingereza ni cha wanaovaa tai, na haya maneno ni ya watu wenye grisi mikononi tangu yalipozaliwa.

Mwalimu habari. Nawatembeza wageni kwa boti kutoka Kigoma mjini hadi Gombe. Nikiwaambia "the water here is very long" wananitazama tu. Pia nikisema "long mountain", "long tree". Kosa liko wapi?
*Mwongoza wageni, Kigoma*

Kosa liko kwenye "-refu", neno linalobeba mizigo minne peke yake. Kamba ndefu, mtu mrefu, mlima mrefu, maji marefu: sisi neno moja, Mwingereza manne.

Kinacholala ni "long": barabara, kamba, mto, safari. Kinachosimama wima na ni chembamba kuliko kimo chake ni "tall": mtu, mti, mnara, twiga. Kinachopanda juu na kimetanda ni "high": mlima, ukuta, ndege angani. Kilimanjaro ni "5,895 metres high". Utawasikia wengine wakisema "tall mountain" na si dhambi, ila "long mountain" ni safu ya milima iliyolala. Na kinachokwenda chini ni "deep": kisima, shimo, bahari.

Una bahati kwamba ziwa lako linatosha kufundishia somo zima. Tanganyika ni "long", karibu kilometa 670 kutoka kaskazini hadi kusini. Pia ni "deep", karibu meta 1,470 penye kina kirefu zaidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Na ni "narrow", jembamba, ndiyo maana siku ya anga safi mnaiona milima ya Kongo ng'ambo. Linganisha na Victoria, ambalo kwa eneo ndilo kubwa kuliko yote Afrika, lakini kina chake hakizidi meta 90. Hilo ni "large but shallow". Angalia hilo "shallow": sisi tunasema maji mafupi, na ukitafsiri neno kwa neno utapata "short water", kitu ambacho hakipo. Wewe unabeba watu kwenye boti, kwa hiyo "deep" na "shallow" ni maneno ya usalama. Mgeni asiyejua kuogelea lazima alielewe neno lako kabla hajaruka.

Kwa kuwa unafika Gombe, nikupe na neno moja la sauti. Ile milio ya sokwe inayoanza kwa kuhema kisha ikapanda mpaka msitu mzima unaitika, watafiti wanaiita "pant-hoot". "Pant" ni kuhema, "hoot" ni mlio wa bundi au wa honi. Mtafiti Jane Goodall alianza kuwasikiliza sokwe hao mwaka 1960. Wageni wengi wanaokuja kwako wamelisoma neno hilo vitabuni na hawajawahi kuusikia mlio wenyewe. Mnaponyamaza porini ukawaambia "Listen, that is a pant-hoot", utakuwa umewakutanisha na kitu walichokisubiri kwa miaka.

Hujambo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la nne ameambiwa shuleni "small father" na "small brother" ni makosa. Aseme nini?
*Mama watoto, Nakuru*

Sijambo mama. "Small" inapima mwili, haipimi umri. "My small brother" ni ndugu mwenye umbo dogo, hata akiwa na miaka 50. Aseme "my younger brother", na kwa mkubwa "my elder brother" au "my older brother". Akiwa nyumbani au na marafiki, "my little brother" na "my big sister" ni Kiingereza safi kabisa, kwa sababu "little" ina mapenzi ndani yake ambayo "small" haina. "A small house" ni nyumba ndogo basi. "A little house" unaipenda.

Baba mdogo na mama mkubwa Kiingereza hakina. Wana "uncle" na "aunt" tu, wanachanganya humo wajomba, baba wadogo na baba wakubwa wote. Kwenye insha binti aandike "my uncle, my father's younger brother". Nyumbani, tafadhali, aendelee kusema baba mdogo. Neno hilo linamwambia mtoto kwamba huyu naye ni baba yake, na "uncle" haimwambii hivyo.

Shikamoo Mwalimu. Naandika hadithi fupi kwa Kiswahili na ninajaribu kuzitafsiri mwenyewe. Nashindwa kabisa na chubwi, pu, tifu, jii. Kiingereza hakina tanakali?
*Mwandishi anayeanza, Dodoma*

Marahaba. Kinazo, ila zimejificha. Sisi tunaweka kitendo, kisha tunaweka sauti pembeni yake: alianguka, halafu pu! Mwingereza anaimeza sauti ndani ya kitenzi au ndani ya jina. Kwa hiyo usitafute neno la "pu", tafuta kitenzi kilichoimeza.

Tazama tunavyoanguka sisi. Majini ni chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, na kwa kishindo pu. Kabla hujaambiwa mtu ameangukia wapi, sikio limeshajua. Kiingereza kinatofautisha pia, lakini kwa namna yake. Jiwe dogo likitumbukia majini ni "plop", mtu mzima akitumbukia ni "splash". Embe likidondoka kwenye udongo ni "thud". Sufuria likianguka sakafuni likabingirika ni "clatter". Tope au nyanya mbivu ikipigwa ukutani ni "splat". Kijiti kikivunjika kacha ni "snap". Samaki akiingia kwenye mafuta ya moto ni "sizzle". Makuti makavu yakisuguana usiku ni "rustle". Rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, ile iliyokuwa kengele ya shule zetu nyingi, ikigongwa ni "clang".

Sasa weka "clang" karibu na "clink", ambao ni mlio wa glasi mbili zikigusana. Konsonanti karibu ni zile zile, kilichobadilika ni irabu, na kitu kimepungua kutoka rimu ya gari hadi glasi. Mwaka 1929 mtaalamu wa lugha Edward Sapir, kule Marekani, aliwapa watu maneno mawili ya kubuni, "mil" na "mal". Aliwaambia yote yanamaanisha meza, moja kubwa na moja ndogo, kisha akawauliza ipi ni ipi. Wengi sana walisema "mal" ndiyo kubwa. Yatamke mwenyewe kwa sauti. Kwenye a kinywa kinafunguka wazi, kwenye i kinabaki upenyo. Nikiyatazama maneno ya Kiingereza ya udogo naiona hiyo i imejaa: "tiny", "little", "bit", "mini". Nikirudi nyumbani namkuta ki- wetu: kijumba, kijito, kitoto. Sijachoka kulistaajabia jambo hili tangu nililipokutana nalo chuoni.

Usiligeuze kuwa sheria, maana lugha hailazimiki. "Big" ina i na ni kubwa. "Small" inafungua kinywa na ni ndogo. Na "-dogo" letu lina o mbili nzito. Lakini unapochagua kati ya maneno mawili ya mlio na huna uhakika, yaseme yote mawili huku ukikifikiria kitu chenyewe. Mara nyingi kinywa kitachagua vizuri.

Kuhusu "jii": kimya jii ni "dead silent". Hapo mwenzetu amelitumia neno la kifo, nasi tuna sauti ya kitu kisicho na sauti. Mimi yetu naipenda zaidi.

Assalaam aleykum Mwalimu. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Nataka kuwasimulia wenzangu wa kazini, kwa Kiingereza, harusi ya mdogo wangu. Kamusi inasema vigelegele ni "ululation". Sawa?
*Dada wa Muscat*

Waaleykum salaam mwanangu, na hongereni kwa harusi. Kamusi haikukosea. Lakini "ululate" ilitoka kwenye Kilatini, na huko ilikuwa ni kulia kama mbwa mwitu au bundi. Mpaka leo Waingereza wengi wakilisoma wanasikia kilio, hata cha msiba. Ukiandika "the women ululated" bila maelezo, harusi yako itaingia giza. Andika "vigelegele" yenyewe, kisha ieleze: "a high, loud, trembling cry of joy." "High" kwa sababu ni nyembamba, "loud" kwa sababu inavuka mtaa, "trembling" kwa sababu ulimi unachezacheza, na "joy" ili asikose mtu kuelewa.

Nimekujibu wewe mwisho kwa sababu barua yako imenirudisha kwenye harusi yangu, mwaka 1979. Baba aliketi karibu kabisa na vumi, akaweka kiganja chake juu ya mbao ya ngoma. Mama zangu wadogo walipopiga vigelegele yeye alitazama midomo yao, akatabasamu kwa kuchelewa kidogo. Baadaye daktari alitueleza kwamba kelele za mashine huanza kuua usikivu wa sauti nyembamba, na nene hubaki mpaka mwisho. Mlio wa vumi alikuwa bado anao. Vigelegele vya binti yake hakuvisikia.

Ile insha ya mwaka 1968 ningeiandika hivi leo: "My father had a loud, deep voice. He could not hear high sounds."